Kuwasindikiza Wageni

Wakaguzi wa haki za binadamu walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo, na Afande Lugome, mkuu wa gereza, alikosa raha. Akamwita Kisonge, aliyefungwa bila kesi kwa wimbo wa kumcheka waziri.

"Mtawaambia wageni mnakula vizuri."

"Tutasema, afande. Ila mbavu zetu zitatusuta."

"Sasa nifanyeje?"

"Askari wako wamenona. Wavae nguo zetu wakae ndani. Sisi tuvae sare zao, tusimame getini."

Lugome akacheka mpaka akakishika kitambi.

Wageni wakaja, wakawaona wafungwa wenye mashavu, wakaridhika. Walipoaga, Kisonge akamnong'oneza, "Afande, mgeni haachwi aondoke hivihivi. Tuwasindikize kidogo?"

"Wasindikizeni. Msiniaibishe."

Jioni Lugome akaipigia simu ya askari wake mmoja, iliyosahauliwa mfukoni mwa sare. Akapokea Kisonge.

"Mko wapi nyie?"

"Ng'ambo ya mpaka, afande, tuko na wageni. Si unajua, anayesindikiza harudi mpaka mgeni amwambie inatosha."

"Na hawajawaambia?"

"Hawazijui mila zetu, afande. Na sisi tunaona haya kuwafundisha."