Fundi Aliponyamaza

Wapendwa, leo nina kijana mmoja wa kuwasimulia. Msianze kutazamana wala kumtafuta kwenye viti vya nyuma, nimemtunga mwenyewe jana nikiwa napalilia viazi. Lakini nikimaliza, kama utaona anafanana na mtu wa nyumbani kwako, au anafanana na wewe, hilo mimi simo.

Kijana huyu alilelewa na mama mmoja mwenye mdomo. Akina mama mnacheka, mnamjua. Alikuwa mama mwema, mchapakazi, ila kutwa kusema: hapa hukufagia, kuni umezipanga kombo, shati hilo umelivaaje? Mtoto akinuna, mama alimwambia, "Mimi nikikusema ujue nakupenda. Siku ukiona nimenyamaza, ujue nimekukatia tamaa."

Mtoto akalishika neno lile. Maneno ya mama hayatoki, hata ukifika miaka hamsini. Akakua akijua kwamba anayekupenda anakusema, na aliyenyamaza amekuacha.

Alipomaliza shule alikwenda Njombe mjini kujifunza kushona, kwa mama mmoja fundi wa suti. Mnajua mwanafunzi wa cherehani anavyoanza. Hapewi mashine. Anatia vifungo, anatoa nyuzi, anapiga pasi, na akikosea anafumua. Na yule mama fundi alikuwa hodari wa neno moja: "Fumua!" Pindo limekwenda upande, fumua. Kifungo kimekaa chini, fumua. Kijana alifumua mpaka vidole vikaota sugu, lakini moyoni alikuwa na amani. Alijiona yuko kwao. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipiga magoti akaomba, "Mungu, nionyeshe kazi uliyoniumbia." Akaondoka anapiga mluzi.

Mwaka wa pili ulipofika katikati, mama fundi akanyamaza. Hakuna fumua, hakuna neno. Anachukua shati mkononi mwa kijana, analigeuza ndani nje, analitundika, basi. Siku moja akaleta kitambaa cha suti ya bwana harusi, kitambaa cha maana, akakitandika juu ya meza ya kijana. Juu yake akaweka chaki na mkasi wake mwenyewe, ule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kisha akachukua kapu akaenda sokoni bila kusema lolote.

Kijana akautazama ule mkasi. Ukikata kitambaa vibaya, hapo hakuna cha kufumua. Akajiambia, "Hata hanioni tena. Amegeuza meza yangu kuwa kabati lake." Akafunga begi, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Alifanya kibarua cha kuchuma chai Mufindi. Akapiga picha za paspoti miezi minne. Akalinda geti la shule, akakaanga chipsi stendi ya Makambako. Akaenda Iringa kwa mwokaji wa mikate, mzee mmoja mkali, na huko alitulia kidogo kwa sababu mzee alifoka vizuri sana! Unga laini mno, unga mgumu, tanuri umelichelewesha, mikate imekuwa matofali. Kijana akanenepa. Baada ya mwaka yule mzee akaacha kufoka, akaanza kuja kazini jua limeshachomoza, mikate imeshatoka. Kijana akajua yale yale yamerudi. Begi.

Nyumbani kwao watu walishamwandikia hukumu. "Mchagua jembe si mkulima," walisema. Ndugu zake wakawa wanapigiana simu kuulizana safari hii yuko mji gani. Yeye mwenyewe hakuwa akichagua jembe, wapendwa. Alikuwa akitafuta mtu mmoja tu duniani asiyemkatia tamaa. Kazi alizipenda. Alilia alipoacha kushona, na mikate aliiota kwa wiki nyingi.

Na kuna jambo jingine aliloliacha njiani, ambalo hakumwambia mtu. Aliacha kuomba. Aliomba Njombe, akaomba Mufindi, akaomba Iringa, ombi lile lile moja, "Nionyeshe kazi uliyoniumbia," na mbinguni kimya. Basi akasema, hata Huyu amenikatia tamaa. Akaacha kanisa kama alivyoacha cherehani, bila kuaga.

Akiwa na miaka ishirini na minane akaingia karakana ya seremala mmoja Mafinga, mtengeneza milango. Akajiapiza: hapa ndipo mwisho. Huyu naye akinitupa, nitarudi nyumbani nikamwambie mama kwamba mimi sikuumbiwa kitu.

Seremala alimpokea kwa matusi mepesi, kijana akafurahi. "Randa unaishika kama mwiko wa ugali! Ubao huu umeupima kwa macho au kwa futi?" Ikaenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Ilipopita Pasaka, fundi akanyamaza. Mteja akija kuulizia mlango, fundi anamwonyesha kijana kwa kidevu, kisha anaendelea na shughuli zake.

Kijana akavumilia mwezi mmoja, miwili, mitatu. Asubuhi moja akaamua. Angeondoka kama kawaida yake, kimyakimya, ila begi lake lilikuwa nyuma ya rundo la mbao, na juu ya rundo alikuwa amekaa fundi, ananoa patasi.

"Shikamoo, fundi. Naomba nipitishe mkono, nichukue begi langu."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Narudi nyumbani. Naona umenichoka."

Fundi akaacha kunoa. "Mimi? Nimekwambia lini?"

"Hujaniambia, fundi, na ndiyo maana. Mwanzoni ulikuwa unanisema kutwa. Sasa huu mwezi wa tatu, nikosee, nisikosee, umeninyamazia tu. Kama nimeshindwa si uniambie?"

"Umekosea wapi?"

Kijana akatafuta. Akazunguka kichwani milango yote aliyoifanya tangu Pasaka, fremu zake, bawaba zake, akitafuta kosa la kumwonyesha fundi. Hakulipata.

"Kuna mlango uliotoka mikononi mwako ukarudishwa hapa?" fundi akauliza.

"Hapana."

"Kuna unaokwaruza sakafu?"

"Hakuna."

"Sasa nikuseme nini?" Fundi alikuwa amekasirika kweli. "Fundi akiinama juu ya kazi yako akanyamaza, kazi imepita! Kwani huko ulikojifunza hawakukufundisha hata hilo?"

Wazee wangu mafundi mliomo humu, mnajua alichosema. Ndiyo desturi yenu. Kumsifu mwanafunzi usoni ni kumharibu, basi mnamsema mpaka aive, na akiiva mnanyamaza. Nyinyi mnaona mmetoa cheti. Lakini nani alimwambia yule kijana? Yeye alikuja na cheti cha mama yake, na katika cheti kile kimya ni kufukuzwa.

Kijana akakaa chini pale pale kwenye maranda ya mbao. Kilichomjia si milango. Kilimjia kitambaa cha suti, chaki, na mkasi.

Hakurudi kwao, alibaki Mafinga. Ila Jumapili iliyofuata alipanda gari mpaka Njombe, akamkuta mama fundi amezeeka, miwani imekuwa minene. Wakasalimiana. Akashindwa kuvumilia, akauliza, "Mama, ile suti ya bwana harusi, siku ile niliyoondoka..."

"Ile si nilikutandikia wewe ukate," mama akasema. "Nilitaka uanze na kazi ya maana. Nikakaa sokoni mpaka nikachoka, makusudi, nisije nikakusimamia kichwani ukatetemeka. Nimerudi, nakuta mkasi uko pale pale, wewe hupo. Nikadhani umepata mahali pazuri kuliko kwangu."

Meza ile ilikuwa na mtu mwingine. Huyo alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu wakati ule, sasa ni mwanaume mwenye wanafunzi wawili, na mkasi umo mfukoni mwa aproni yake. Mambo hayo huwa hayarudi, wapendwa, sitawadanganya kwamba yalirudi. Alishukuru, akaaga. Safari hii aliaga vizuri.

Mwisho wa mwaka alikwenda nyumbani na mlango. Wa mama yake ulikuwa wa bati, unapiga kelele upepo ukivuma. Akaung'oa, akafunga wa mbao alioutengeneza mwenyewe, kisha akasimama pembeni na nyundo yake, akingoja kusemwa.

Mama akauendea. Akaufungua, akaufunga. Akapitisha kiganja juu mpaka chini. Akainama akatazama kama unagusa sakafu. Akafungua tena, akafunga. Yule mama, mwenye mdomo ule, hakusema kitu. Akasimama tu mkono uko juu ya ubao, na kijana akaona machozi yanamtoka mama yake. Naye akanyamaza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kimya hakikumuuma.

Nami mnadhani nazungumza habari za mafundi?

Nazungumza habari zetu sisi. Tunakumbuka vizuri siku zile Mungu alipokuwa anatusema. Uliokoka, ukawa mchanga, kila ukigeuka unasikia: fumua. Rudisha kile ulichochukua, fumua. Mwombe jirani msamaha, fumua. Iliuma, lakini ulijua yuko. Kisha siku zikapita, ukawa mtu wa kazi, na Yeye akanyamaza. Unaomba, kimya. Unauliza, kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tumelichukua neno hilo kama kitisho, tunajikunyata tunangoja kupigwa. Wengine tumeshafunga mabegi. Tunakuja hapa Jumapili, tunaimba, lakini begi liko mlangoni.

Simaanishi kila kimya ni sifa. Kama umeiba ng'ombe wa mtu, usiseme Mungu amekunyamazia kwa sababu umeiva! Kosa lako unalijua, kalifumue. Namzungumzia yule ambaye amejikagua kama kijana yule alivyoikagua milango, akatafuta alipokosea asipaone, na bado anasema, "Mungu amenichoka." Nani alikwambia? Ulisikia wapi? Je, ni Yeye aliyesema, au ni mtu aliyekulea?

Dada yangu, umekaa miaka mitatu unauliza, "Bwana, nifanye kazi gani?" na nyumbani kwako amelala mgonjwa anayekuita kila asubuhi. Kaka, unaomba uonyeshwe njia, na vijana wa mtaani wamejaa kibarazani kwako kwa sababu kwako ndiko wanakosikilizwa. Hajakuacha. Amekutandikia kitambaa cha thamani, ameweka juu yake mkasi wake mwenyewe, na ameondoka kidogo ili usitetemeke.

Kata.

Haya, tusimame tuombe. Na wenye mabegi, yawekeni chini kwanza.