Aliyesahau Kuomba Hoja

Sogeeni karibu. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Nchi moja ilikuwa na Rais aitwaye Mwakitalu. Maisha yake yote alikuwa mhandisi wa mabwawa. Bungeni hakuwahi kukaa hata siku moja, na kwenye kampeni alijisifu kwa hilo.

Walikuwapo pia watu watatu wenye vipaji. Bi Nyamizi, mbunge kwa miaka ishirini, alijua nani ana msiba na nani ana kinyongo. Chaligha, karani wa Bunge, kanuni zote zilikuwa kichwani mwake. Na Rehani wa upinzani: akisema neno, hata mahasimu wake waliliamini.

Mvua za masika zilipokaribia, Rais alikwenda bwawa la Kihanga, akaweka kiganja ukutani. Kikalowa. Chini ya ukuta ule kulikuwa na mji wa Lutende, watu elfu arobaini. Hofu ikamshika, akakimbilia Bungeni na muswada wa kuwahamisha.

"Nawaagiza mpitishe leo hii!" alisema, akakaa.

Wabunge wakatazamana. Bungeni humo, hata mkongwe humaliza kwa kusema "naomba kutoa hoja". Asiyeomba hana hoja. Spika akafunga kitabu, na muswada ukaishia hapo.

"Mheshimiwa, mtaka cha mvunguni sharti ainame," Bi Nyamizi alimwambia. "Hawa si vibarua wako. Niachie mimi." Akapita nyumba hadi nyumba, akawapa pole wafiwa, akameza matusi yaliyomlenga Rais. Alirudi na kura mia moja. Zilihitajika mia moja na moja.

Wakubwa wa Bunge wakasema muswada uliokufa haurudi mpaka mwaka upite. Chaligha akafunua kanuni. "Umekufa lini? Haukuombwa, basi haukuletwa. Kisicholetwa hakifi." Spika akakuna kichwa, akakubali.

Siku ya kura Rais alisimama. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Chama cha Rehani kilikuwa kimewakataza watu wake kuunga mkono. Rehani akanyanyuka peke yake. "Ndiyo," alisema, na hiyo ikawa kura ya mia moja na moja. Jioni ile chama chake kilimtenga. Hata ndugu zake waliacha kupokea simu zake.

Sheria ikapita. Lakini ukuta haukungoja sheria; uliingia ufa kabla watu hawajahamishwa. Sasa ilibidi ubomolewe kidogo kidogo, maji yatoke taratibu, kabla haujajibomoa, na hilo lilitaka kura nyingine, Alhamisi. Wiki hiyohiyo Makamu wa Rais alifariki, kiti chake kikabaki wazi, na wa kuteua mwingine ni Rais; wale watatu wote wakaja kukidai.

"Bila kura mia, hiyo moja ingekuwa nini?" alisema Bi Nyamizi.

"Bila mlango, kura zingepitia wapi?" alisema Chaligha.

"Wenzangu walifanya kazi yao," alisema Rehani. "Mimi nimepoteza watu wangu."

Na kila mmoja akaongeza kwa adabu: "Nisipopewa kiti, Mheshimiwa, Alhamisi usinitafute."

Rais aliwatazama. Hesabu za zege alizijua, za watu hakuzijua, na alijua kwamba hajui. Simu ikaita kutoka Kihanga: ufa umerefuka, na mvua imeanza.

Kalamu anayo mkononi. Jina ni moja tu. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, na Lutende wanalala chini ya ukuta: mngeandika la nani?