Kifaru Aliyengoja Kushukuriwa

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mafiga na ugomvi wa majirani kama sisi, ukame uliingia katika bonde moja, ukakaa. Mto ulikauka, ukabaki mchanga mtupu. Wanyama walijikunyata vivulini wakingoja mvua. Kifaru peke yake ndiye aliyeshuka mtoni akachimba kwa pembe yake, kwa! kwa! kwa!, mpaka maji yakachomoza, safi na baridi.

Ilikuwa kazi kubwa, tena ya wema. Angekunywa akarudi kulala, angelala vizuri. Lakini Kifaru alikuwa amejiambia moyoni kwamba kabla jua halijazama bonde zima litakuwa mlangoni kwake kumshukuru.

Hakuja mtu. Walikuwa kisimani, wanakunywa.

"Ngiri amepita hapa na mtungi wake," Kifaru alimwambia mkewe. "Kasema habari za leo, basi, huyo kaenda. Kama vile kile kisima kimejichimba chenyewe."

"Watoto wake wanalia kiu, mume wangu. Alikuwa anawahi."

"Na mimi pembe yangu imelika."

Kulipokucha alikwenda kukaa kwenye mdomo wa kisima, akaweka sharti: hakuna kuteka mpaka mtu aseme, "Ahsante Kifaru mkubwa, bila wewe sisi ni mavumbi." Ukisema polepole, anasema humaanishi. Ukisema haraka, anasema unamdhihaki. Ukilia kabisa, anakuuliza mbona hukuja jana. Kadiri alivyoshukuriwa ndivyo hasira yake ilivyopanda, kwa sababu hakuna shukrani iliyofanana na ile aliyoiwaza.

Sasa, kule miambani aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo unayeweza kumbeba kwapani, pamoja na binti yake Siwatu. Siku hiyo Siwatu alikuwa na homa, midomo imempasuka kwa kiu. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka kisimani, akasema maneno yote ya sharti, akajaza kibuyu.

"Na huyo?" Kifaru aliuliza.

"Mtoto anaumwa, baba. Ulimi umekauka."

"Atakunywa kwa ulimi huohuo. Aseme."

Siwatu alijaribu. Ilitoka "Ahs..." halafu kikohozi.

Kifaru aliinua mguu akakipiga kibuyu teke. Pwaa! Maji yote yakamezwa na mchanga.

Bi Pimbi alitetemeka kuanzia masikio mpaka kucha, na haikuwa hofu. Alimrudisha binti yake miambani, akamlaza, akamkamulia mdomoni mizizi michache yenye majimaji. Kisha akashuka tena peke yake, na uso ameutuliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja na habari ya siri. Bonde zima linakuandalia sherehe ya shukrani. Kuna ngoma, kuna mapishi, na kila mmoja ametunga maneno yake. Watakuja kukuchukua kwa nderemo."

Macho ya Kifaru yalilainika. "Lini?"

"Wakimaliza tu matayarisho. Lakini, baba, mgeni wa heshima hufuatwa mlangoni kwake. Wakikukuta huku kisimani itakuwa aibu. Tena kata ya kwanza ya maji utapewa kwa mikono yao, kwa hiyo usinywe kabla."

Kifaru aliondoka mbiombio. Alijisugua matope yakamtoka, akaketi kizingitini, akangoja.

Nyuma yake bonde lilishuka kisimani. Walikunywa, wakaoga, wakajaza mitungi. Siwatu alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, na homa ikamwachia.

Kule nyumbani, Kifaru alisikia hatua, akanyoosha shingo. Ni swala, wanapita zao. Akasikia mbiu. Ni mbweha, anamwita mwenzake. Mkewe alimletea maji katika chungu.

"Yaondoe."

"Umekauka mpaka ngozi imepasuka. Kunywa."

"Nikinywa watasema sina subira. Watakuja."

"Na wasipokuja?"

"Lazima waje! Mimi ndiye niliyechimba!"

Mkewe alikiweka chungu chini, akaenda zake kisimani. Alikuwa amechoka kukaa na mtu anayengurumia barabara tupu.

Jua lilichoma, likazama, likachoma tena. Mwishowe Kifaru hakuweza hata kumeza mate. Alinyanyuka akakimbia mtoni, ardhi ikitikisika. Hapakuwa na ngoma wala mapishi. Palikuwa na majirani wanaoteka maji, na Bi Pimbi juu ya jiwe.

"Sherehe yangu iko wapi?"

"Haipo. Nilikudanganya."

"Umenifunga nyumbani ili nife kwa kiu!"

"Kamba iko wapi?" Bi Pimbi alisema, sauti yake ikikata kama wembe. "Mlango ulikuwa wazi. Maji uliletewa mpaka miguuni. Mwanangu alizuiwa na wewe. Wewe ulizuiwa na nani?"

Kifaru aliinamisha pembe amponde. Lakini koo lilimwaka kuliko hasira. Alipiga magoti kando ya Ngiri, ambaye hata hakumsalimu, akanywa. Gubu, gubu, gubu. Alikunywa bila kumtazama mtu. Na maji yale, ambayo tangu ayachimbe alikuwa akiyalinda tu, yalikuwa matamu ajabu.

Ngiri alijitwisha mtungi wake. "Umetuokoa kweli, jirani," alisema, akaondoka.

Kifaru hakumsikia. Alikuwa bado anakunywa.

Bi Pimbi alisubiri pale juu ya jiwe aombwe radhi kwa kile kibuyu. Akasubiri. Kisha akajicheka kidogo kwa uchungu, akajaza maji, akampelekea Siwatu.

Kifaru alirudi nyumbani amelowa mpaka kifuani. Mkewe alimuuliza kama wamemshukuru.

"Sijui," alisema. "Sikuangalia." Akajinyoosha sakafuni, akakoroma.

Hadithi yangu inakomea hapo, wanangu: tenda wema ukanywe maji yako, maana anayekaa mlangoni kungoja shukrani hufa na kiu.