Kibanio Kilichokosa Jina

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kusema, ni zamani hii hii ya gereji na grisi, palikuwa na mafundi watatu mjini Songea. Haule alikuwa mtu wa kuchora na kupima. Mbawala alikuwa mtafuta vyuma. Na Sikudhani alikuwa mwanamke wa kuchomelea, ambaye akishavaa miwani yake ya kazi hata mumewe humsalimu kwa mbali.

Gereji yao ilikuwa na desturi moja. Kifaa cha dukani kiliitwa jina la dukani. Lakini ukitengeneza kifaa kwa mikono yako, kinachukua jina lako. Nyundo aliyoitengeneza marehemu Luambano inaitwa Luambano mpaka leo. "Hebu nipe Luambano hapo!" watu wanasema, na mwenyewe yuko kaburini. Hiyo ndiyo heshima waliyokuwa wanaililia wote watatu.

Basi akaja Mzee Gama na lori lake la jeshi, la kizamani hasa. Enzi za uaskari wake yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Lilipotupwa akaliomba, akapewa. Lilikuwa limelalia upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

"Wanangu," akasema, "Siku ya Mashujaa nataka niliendeshe mwenyewe mpaka uwanjani. Wenzangu niliowabeba humu wamekwisha. Tumebaki mimi na gari."

Springi za mbele za lori lile ni zile za kujiviringa, nene, zenye hasira. Huzitoi mpaka uzibane kwanza. Na kibanio cha kuziweza hakiuzwi. Nani auze kifaa cha gari lililokwisha barabarani? Wakasema, tutatengeneza wenyewe.

Haule akapiga magoti, akachora kwa chaki sakafuni: sahani mbili za chuma, kulabu za kushika springi, na boliti tatu ndefu za kukaza. Mbawala akaleta boliti mbili, za mashine mbovu ya kukoboa mahindi. "Ya tatu hakuna," akasema. Haule akautazama mchoro wake, akaifuta ya tatu kwa kiganja. "Mbili zitatosha." Moyoni alijua hazitoshi.

Mbawala naye, boliti moja uzi wake wa kushikia nati ulikuwa umelika. Aliuona. Akaupaka grisi ukang'aa, akanyamaza.

Sikudhani akachomelea. Kulabu ya mwisho ikiwa nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, ilimpasa asage alipoishia, aanze upya. Hakusaga! Akaunga juu kwa juu, akapaka rangi ya kijani ya jeshi. Looo, kikapendeza.

Springi ya kulia ikabanwa, ikatoka, ikawekewa raba mpya, ikarudi. Hapo ndipo mngewasikia!

"Kitaitwa Haule," akasema Haule. "Bila mchoro wangu mngebana nini?"

"Haule nini? Mchoro unabana springi? Boliti ndizo zinazobana, na boliti nimeleta mimi. Kiitwe Mbawala."

"Tokeni hapa!" Sikudhani akadakia. "Mmoja kaleta chaki, mwingine kaleta takataka. Aliyegeuza vile vitu kuwa kifaa ni nani? Kiitwe Sikudhani, na wasiotaka wanune."

Mzee Gama akacheka mpaka akashika mbavu. "Msigombane. Imebaki springi ya kushoto. Ikikamilika, jina nitatoa mimi."

Wakakubali. Wakakaza upande wa kushoto. Mzee akapeleka mkono kuweka raba.

"Mzee, ngoja kwanza tukague," Haule akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Nikague nini, kitu cha wanangu?"

Paa!

Boliti ilichomoka, kulabu iliachia, sahani ilipinda, vyote kwa mpigo mmoja. Kipi kilitangulia? Hakuna aliyeona. Kilichoonekana ni damu.

Mkono wenyewe ni wa kushoto. Vidole vilipona, ila havifungi tena. Na nyinyi mnajua, dereva wa kwetu anakaa kulia, gia anaishika kwa kushoto. Mafundi wakaimalizia ile springi kwa jeki na minyororo. Lori likasimama sawasawa. Afadhali lingebaki limeinama, maana kila walipolitazama uso uliwawaka kwa aibu.

Mzee Gama akarudi kutoka hospitali, mkono umefungwa kitambaa. "Shikamoo, Mzee," wakasema, wakitazama viatu vyao.

"Marahaba. Nilisema nitatoa jina. Kiko wapi?"

Wakakitoa chini ya magunia walikokificha.

"Mzee, mimi nilichora tu," Haule akasema. "Chaki haijawahi kumuumiza mtu."

"Mimi nilileta chuma tu," Mbawala akasema. "Hata mkokoteni unaleta chuma."

"Mimi nilichomelea nilichopewa," Sikudhani akasema.

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Siku ile mtoto alikuwa na wazazi watatu. Leo hana hata mmoja?"

Aibu jamani! Mbawala alitamani sakafu ipasuke. Haule akafuta kiganja kwenye suruali, kile kile kilichofuta boliti ya tatu. Sikudhani akalia waziwazi, lakini hata yeye hakusema neno juu ya ule umeme.

Mzee akaokota kipande cha chaki, akakiweka juu ya kile chuma. "Basi andikeni Gama. Nani aliingiza mkono? Si mimi?" Akatoka, akapanda kwenye lori lake, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akakanyaga klachi. Akaitazama gia.

Wale watatu wakamwona kupitia mlangoni. Chaki iko mbele yao, chuma kiko mbele yao, na hakuna anayeinua mkono.

Sasa nanyi mliokuwa mnacheka, semeni. Haule aliyefuta? Mbawala aliyepaka grisi? Sikudhani aliyepaka rangi? Au wamwache mzee abebe na jina, baada ya kubeba maumivu? Kesho mtu atainama chini ya gari, atanyoosha mkono, aseme nipe... nipe nani? Je, kile chuma kiitwe nani?