Tindi Hatoi Mji

Paukwa!
Pakawa!
Na nyie wa nyuma, mmelala? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule kilimani. Mwaka huo ilibaki nafasi moja tu.

Tausi alikuwa na vitabu arobaini sebuleni, vimesimama kama askari. Mwanawe Shani akisogea, baba hupiga kelele: "Usiguse! Vya wageni hivyo!" Na Shani akitegwa kitendawili? "Mpe mji, yaishe! Sisi tuna miji mingi."

Mama Nungunungu hakuwa na kitabu hata kimoja. Alikuwa na mihogo. Kila jioni akimenya, kwaru-kwaru-kwaru, humwita bintiye Tindi.

"Kitendawili!"
"Tega!"

Ukishindwa, desturi ni kumpa mtegaji mji, naye akupe jibu. Lakini Mama Nungunungu hapokei mji upesi. "Bahatisha kwanza mara tatu."

Siku moja Tausi akasikia kuwa Tindi anaitaka nafasi ile, akamcheka. "We binti, shule ya kilimani ni ya wenye vitabu. Na hizo sindano mgongoni, kashone nguo!"

Tindi akarudi kwao kanywea. "Mama, mimi siendi kilimani. Si pa watu kama sisi."

Kwaru-kwaru. "Umebahatisha mara ngapi?"
"Hata mara moja."
"Basi mbona umeshatoa mji?"

Asubuhi Tindi akapanda kilima. Tuku-tuku-tuku.

Huko Mwalimu Korongo akamuuliza yeye na Shani, aliyeletwa na baba yake: "Kitendawili!"
"Tega!"
"Mgeni wangu haingii mpaka nifunge macho."

Shani akatandaza mkia, fwaaa! "Nakupa mji!"
"Ahsante," akasema Korongo. "Nimeupokea. Tindi?"
"Giza?"
"La."
"Ndoto?"
"Unakaribia."
"Usingizi!"
"Nafasi ni yako, binti."

Tausi akafoka: "Mwalimu, nyumbani kwangu kuna vitabu arobaini!"
"Najua, mzee. Vinakusubiri."

Jioni ile, hodi-hodi kwa Nungunungu. Ni Shani, mkia ameukunja. Mama akampa kisu na muhogo.

"Kitendawili!"
"Tega! Nakupa m…" Tindi akasimamisha miiba yote. Shani akajirudi. "Ngoja, ngoja. Nibahatishe."

Basi wazazi, sikieni: mtoto hujifunza kutarajia makuu kwa yale yanayofanywa kwao kila siku, si kwa yale yanayopangwa rafuni.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye maganda ya mihogo. Asiyeridhika nayo, abahatishe yake.