Vazi Lililofichwa Mtungini

Inasimuliwa kwamba zamani, katika nyakati ambazo waumini wengi walikimbilia jangwa la Misri kumtafuta Mungu, palikuwa na nyumba ya watawa wanawake waliojipatia riziki kwa kusuka majamvi. Nyumba ile ilikuwa na desturi moja iliyowashangaza wageni. Binti aliyeingia alivua nguo alizokuja nazo, na nguo zile hazikugawiwa maskini wala hazikuchomwa moto. Zilitundikwa kwenye kigingi ukutani, karibu na lango. Juma la mwisho la Kwaresima mtawa bawabu alizifua zote, na Jumatatu ya Pasaka kila mmoja alisimama mbele ya kigingi chake. Aliyetaka kubaki alizigusa nguo zake akapita. Aliyetaka kuondoka alizivaa, akafunguliwa lango, na ilikuwa mwiko kumsema vibaya.

Bawabu wao aliitwa Apolonia, mama wa miaka sitini, mcha Mungu kwelikweli, ambaye alimzika binti yake wa pekee kabla ya kuingia utawani. Basi alipoletwa Fotini, binti wa miaka kumi na saba, Apolonia alimpenda kupita kiasi, na mapenzi ya namna hiyo, ndugu zangu, yana upofu wake. Fotini mwenyewe hakuwa ameomba kuja. Baba yake aliugua, akaweka nadhiri kwamba akipona atamtoa binti yake kwa Mungu. Akapona, akamleta. Binti hakuulizwa neno.

Mwaka wa tatu, siku chache kabla ya Pasaka, Fotini alimfuata Apolonia pale kisimani alipokuwa akifua.

“Mama, nguo zangu umeshazifua?”

Tangu Apolonia awe bawabu, hakuna mtawa aliyewahi kumuuliza hivyo. Alielewa papo hapo, na hofu ikamshika. Akajiambia kwamba binti huyu akitoka atapotea, na kwamba kumzuia ni kuiokoa roho yake. Jioni ile alilichukua vazi la Fotini, lingali bichi, akalitia ndani ya mtungi mtupu ghalani, akafunika.

Ikafika Jumatatu ya Pasaka. Fotini alisimama mbele ya kigingi kitupu, kisha akapiga magoti.

“Nimesikia, Bwana,” alisema. “Hutaki niende.”

Apolonia alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Alitaka kusema, lakini kinywa kilimwia kizito, akanyamaza.

Kuanzia siku hiyo Fotini akawa mtiifu kuliko wote. Akiambiwa aamke, aliamka. Akiambiwa afunge, alifunga. Watawa wengine walimsifu, lakini Mama Mkuu Teodora hakufurahi. Siku moja, wakilowesha ukindu wa majamvi, alimwambia Apolonia:

“Binti huyu anatii kama jamvi linavyomtii anayelikunja. Nimeomba juu yake, nimefunga, sijui kimempata nini. Wewe unajua?”

Apolonia aliweka chini ukindu. Miezi saba alikuwa halali vizuri, kila zaburi ilimchoma, na sasa machozi yalimtangulia kabla ya maneno. Akaomba Fotini aitwe.

“Mwanangu,” Apolonia alimwambia binti alipofika, “siku ile hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi.”

Akamweleza yote.

“Miezi saba nimemwomba Mungu anisamehe kwa kutamani kwenda,” Fotini alisema. “Nimemwogopa, Mama. Nilidhani amenifungia mlango kwa mkono wake.”

“Mkono ulikuwa huu.” Apolonia aliunyosha mbele yake.

Wakaenda ghalani, wakaufungua mtungi. Vazi lilikuwa limeoza kwa ukungu, likachanika vidoleni mwao. Apolonia alikwenda langoni, akashusha nguo zake mwenyewe, zile alizovaa siku ya kumzika bintiye, akamvisha Fotini. Kisha akaliondoa komeo. Mama Teodora akambariki binti, naye akatoka.

Najua mnachotaka kuniuliza, maana kila ninayemsimulia kisa hiki huniuliza hilohilo: je, alirudi? Hakurudi. Aliolewa na mfinyanzi, akazaa, akamcha Mungu hadi uzeeni. Na anayeona kwamba ungamo la Apolonia lingekuwa na maana zaidi kama binti angerudi, basi naye bado yumo ghalani, anafunika mtungi.

Kesho yake baada ya Fotini kuondoka, Mama Teodora alionekana akisokota uzi. Apolonia akamuuliza ni wa nini.

“Nakufumia nguo. Kigingi chako kitupu.”

“Mama, mzee kama mimi niende wapi? Mimi ni wa hapa mpaka kaburini.”

“Naam, najua. Lakini sitaki hata siku moja ubaki kwa sababu huna cha kuvaa.”

Wahenga walinena, hiari yashinda utumwa. Tunapowalea watoto wetu katika imani, mara ngapi tumeficha mitungini kile ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe ameacha wazi, kisha tukauita woga wao utii? Yeye aliyeumba mbingu na nchi asingeshindwa kuuzungushia ua mti ule wa bustanini. Hakuuzungushia. Na wale wawili walipokwisha kula na kujificha, hakuja na kamba. Alikuja akitembea, akaita, akangoja wamjibu.