Koti la Mzee Semkiwa na Joho la Liwali

Hapo zamani, si zile zamani za majini na wafalme wenye pembe, bali hizi za juzijuzi zenye mihuri na mafaili, palikuwa na jimbo lililotawaliwa na Liwali mmoja mwenye huruma na kitambi. Watumishi wake walikuwa wakiugua. Mkuu wa ardhi aliugua presha. Mkuu wa maji aliugua sukari. Mkuu wa afya aliugua vyote viwili, na nafasi ya kwenda hospitali hakuipata, maana kila siku alikuwa na mkutano wa afya.

Liwali akasema, "Jimbo haliendeshwi na wagonjwa. Kila ofisi, toka hapa makao makuu mpaka kituo cha mwisho mpakani, iwe na mpango wa afya ya wafanyakazi. Tuanzie hapa. Tukifaulu, tutausambaza jimbo zima."

Akamwita Daktari Siwatu, mwanamke asiyecheka ovyo, autunge. Akamwita Bwana Ngwatu, afisa utumishi, mtu ambaye hata kivuli chake hufika kazini mapema, ausimamie.

Daktari akatunga. Kila asubuhi saa nne, watumishi waache viti, wazunguke jengo kwa miguu. Kila mtu apimwe presha. Kila idara ifundishwe dalili za kiharusi na jinsi ya kumsaidia aliyepatwa. Na la mwisho, lililoliza watu: chochote kilichokaangwa kwa mafuta kisiingie jengoni, na muuzaji atakayekiingiza afukuzwe asirudi.

Sasa, katika jengo lile alikuwepo Mzee Semkiwa, mkuu wa masijala, mahali yanapolala mafaili yote ya jimbo. Faili lolote ukilitaka, alijua lilipo. Alipo yeye ndipo palipokuwa hapajulikani. Maana aliishika mila ya ofisi zetu kuliko mtu yeyote: akifika asubuhi huvua koti, hulitundika kwenye kiti, hujiondokea. Ukiuliza, "Mzee Semkiwa yupo?" makarani hukujibu, "Yupo. Koti lake si hilo?" Nawe unakaa kusubiri, umeridhika, kana kwamba koti litanyanyuka likugongee muhuri.

Presha yake ilipopimwa, Daktari alipima tena.

"Mzee wangu, sambusa basi."

"Hata moja?"

"Hata ya kunusa."

"Mwanangu, mimi nimeanza kula sambusa babu yake Liwali huyu akiwa kijana."

"Ndiyo maana nimepima mara mbili."

Mzee akafanya wafanyavyo watumishi wengi wakipewa amri: akaikubali mbele za watu, akaivunja faragha. Bi. Mwanakombo, muuza chai mwenye kibanda pale ukumbini, akawa anampitishia sambusa ndani ya birika tupu. Mzee hulipokea birika, huenda nalo stoo ya mafaili ya zamani, mahali ambapo hapana aliyewahi kwenda kwa hiari, hujifungia, hula kwa amani. Saa nne wenzake wakizunguka jengo, koti linamwakilisha.

Siku moja matembezi yalipokwisha, Bwana Ngwatu akaingia masijala.

"Mzee Semkiwa kazunguka?"

"Yupo, bwana. Koti lake si hilo?"

Siku zote Bwana Ngwatu alilikubali jibu hilo, kwa kuwa kanuni za mahudhurio hazikusema lolote juu ya makoti. Lakini siku hiyo alikuwa amemshuhudia Liwali mwenyewe akizunguka, anahema, jasho linamtiririka. Akakasirika.

"Hili lina mikono tu," akasema. "Mimi nataka miguu. Atafutwe, nimpe onyo!"

Akapiga kengele, akasimamisha kazi zote, jambo ambalo baadhi ya idara hazikulitambua. Wakamtafuta msalani, hayupo. Wakamtafuta msikitini, hayupo. Wakamtafuta kwa kinyozi, hayupo, ingawa walimkuta huko mkuu wa ardhi.

Bi. Mwanakombo alikuwa amesimama kibandani. Yeye alijua. Alijua pia kwamba akisema, kibanda kimekwenda, na kibanda hicho ndicho kilichowalisha wajukuu wake. Akajitia kuosha vikombe. Kisha akatazama meza yake: birika halijarudi. Na Mzee hakuwa mtu wa kuchelewesha birika, maana lilikuwa likirudi ndipo linajazwa tena.

"Yuko stoo ya mafaili ya zamani!" akapaza sauti. "Sambusa nimempelekea mimi. Kunifukuza mtanifukuza baadaye. Kimbieni!"

Mlango ukavunjwa. Mzee Semkiwa alikuwa amelala chali juu ya mafaili, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hausikii amri. Mmoja akakimbilia maji. Mwingine akataka kumkalisha. Wa tatu akasema huyu kapandwa na pepo, uletwe ubani. Ndipo mpiga chapa mmoja akapiga kelele, "Daktari alitufundishaje? Asinyweshwe kitu! Alazwe ubavu! Hospitali sasa hivi!" Na wote wakakumbuka, kwa sababu Daktari aliwaimbisha somo lile kama watoto wa madrasa mpaka wakamchukia. Wakambeba. Likachukuliwa gari la Liwali, na kwa mara ya kwanza katika jimbo lile gari la serikali likatoka bila kibali.

Hospitali wakasema: mngekawia kidogo, mngerudi na habari nyingine.

Jengo zima likashusha pumzi. Watu waliokuwa hawasalimiani wakakumbatiana ngazini. Bwana Ngwatu alikaa chini saa za kazi. Na Mzee alipotamka neno la kwanza, mkewe alipiga vigelegele wodini mpaka muuguzi akamwomba apunguze, kuna presha za watu pale.

Liwali naye akafurahi. Ilikuwa ada ya jimbo lile kwamba Liwali huvua joho lake, akamvisha aliyemwokoa mtumishi wa dola. Na Liwali akaongeza: atakayelivaa ndiye atakayeupeleka mpango wa afya katika wilaya zote, kwa namna yake. Joho lilikuwa moja. Waliojitokeza walikuwa watatu.

Daktari Siwatu akasema, "Siku ile sikuwepo, nilikuwa safarini. Lakini somo langu lilikuwepo. Bila somo, mngempata Mzee, mkamnywesha maji, mkamfukizia ubani, mkamzika. Joho ni langu."

Bi. Mwanakombo akacheka. "Daktari wangu, na nani aliyemkimbiza Mzee stoo? Zamani alikula mbele ya watu. Angeanguka mbele ya watu. Amri yako ndiyo iliyomfungia mlango."

Bwana Ngwatu akasema, "Mpango bila msimamizi ni karatasi. Wote mliliona koti, mkasema yupo. Mimi ndiye niliyelikataa. Nisingelikataa, angetafutwa jioni. Joho ni langu."

"Ulikuwa unamtafuta umpe onyo," akasema Daktari.

"Lakini nilimtafuta."

"Na siku zote zile ulizoliandikia koti mahudhurio?"

Bwana Ngwatu akakohoa, akasema suala hilo linashughulikiwa.

Bi. Mwanakombo akasema, "Mimi sina mpango wala kengele. Nilikuwa na kibanda, nikakitoa. Ningefunga mdomo, mngelikuwa bado mnamtafuta kwa vinyozi. Joho ni langu."

"Bibi," akasema Bwana Ngwatu, "umezima moto uliouwasha. Mafuta yaliyomwangusha ni ya karai lako."

"Ni kweli, bwana. Na ndiyo yaliyonifanya nijue alipo."

Wakamwendea Mzee Semkiwa, ambaye ulimi wake ulikuwa ukirudi polepole. Akawaza sana. Akasema, "Bila Daktari, ningekufa nikitazamwa. Bila Bwana Ngwatu, ningekufa bila kutafutwa. Bila Bi. Mwanakombo, ningekufa nikitafutwa. Na bila wote watatu," akaongeza, "pengine nisingeugua siku ile."

Liwali, aliyesimama muda mrefu joho likiwa mkononi na baridi ikimwingia, akasema atamtii atakayeamua. Akaunda kamati. Kamati ikakaa, ikaomba chai, ikaletewa isiyo na sukari, ikavunjika. Na wilaya zinangoja: wagonjwa wako kule, presha zinapanda, na mpango hautoki mlangoni mpaka joho lipate mabega.

Basi kamati ni nyinyi mlionisikiliza. Amvishe aliyefundisha, na kwa marufuku yake akamsukuma mtu mafichoni? Amvishe aliyetafuta, akitafuta wa kumwadhibu? Au amvishe aliyesema, naye ndiye aliyekaanga? Semeni basi, Liwali anatetemeka: joho amvike nani?